UZI: Wazazi wenye watoto wanaocheza futiboli ya Kimarekani, itazameni transkripti kabla ya video za mechi

#1 (Mleta uzi)

Habari za asubuhi wadau. Nimetoka shifti ya usiku, nilitakiwa niwe nimelala, lakini jana nimepigiwa simu na mama mmoja Mtanzania mwenzangu yuko Houston, analia. Mwanae yuko mwaka wa mwisho haiskuli, makocha wa vyuo walikuwa wanamtafuta tangu mwaka jana, ofa zikaja, picha zikapigwa, sasa wamenyamaza wote. Nikamuuliza swali moja tu, transkripti yake, ile karatasi ya masomo na maksi zake zote za haiskuli, umeiona? Akasema hajawahi kuishika mkononi. Nikakaa kimya kwa sababu miaka 3 iliyopita mimi ndo nilikuwa yeye.

Kwa ambao mko nyumbani, naongelea futiboli ya huku, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Texas hii ni zaidi ya mchezo. Ijumaa usiku mji mzima unahamia uwanjani, na sio uwanja wa timu ya taifa, ni wa shule ya sekondari. Pale Allen, juu kidogo ya Dallas, uwanja wa haiskuli unaingiza watu 18,000 na ulijengwa kwa dola milioni 60. Sasa mtoto wa miaka 16 aliyekuja huku mdogo, anaongea Kiingereza kwa lafudhi, akisikia watu wote hao wanaita jina lake, unadhani siku ya Jumatatu atakuwa anawaza kemia?

Mwanangu wa kwanza alianza gredi ya 9, yaani mwaka wa kwanza wa haiskuli, mwaka 2019. Ana mbio, mrefu, haogopi kugongana. Wakampa namba ya nyuma kabisa kwenye ulinzi, wanaita sefti, yule anayesimama mbali anausoma mchezo halafu anashuka kama gari lisilo na breki. Ikaja korona, masomo yakahamia kwenye kompyuta, mimi niko kazini usiku, baba yao dereva wa lori anapita wiki 2 hayupo, mtoto anasoma peke yake chumbani. Nilikuwa naangalia kitu kimoja tu, Ijumaa anacheza au hachezi.

Na hapa Texas ndo panapotega watu. Kuna sheria tangu 1984, ukipata chini ya 70 kwenye somo husogei uwanjani, unakaa pembeni angalau wiki 3. Sheria nzuri kabisa siipingi. Ila mimi nikaichukulia kwamba akipata 70 mambo yako sawa, na mwanangu hakuwahi kukaa pembeni hata wiki moja, alikuwa anapata 71, 73, 75, nikawa namsifia kwa watu kwamba anacheza na shule anasoma. Nilikuwa sijui kwamba 70 ni tiketi ya Ijumaa tu, chuo kina hesabu zake.

Kiangazi 2022 kocha wa chuo kimoja cha Divisheni ya 1, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, akampa ofa. Tulishangilia, mjomba wake alipiga simu kutoka Tabora tukaongea saa nzima. Baada ya siku chache kocha akaomba transkripti, tukatuma. Siku ya pili yake nilikuwa kwenye maegesho ya duka, gunia la mchele liko ndani ya toroli, simu ikaita. Yule kocha aliongea kwa adabu sana. Akasema mama, tunampenda mwanao lakini hana kozi 10. Nikamuuliza 10 za nini? Akanieleza mimi nimeshika toroli kwa mkono mmoja maana lilikuwa linateremka, na sikuelewa hata nusu.

Usiku ule nikachukua kalamu nyekundu nikakaa mezani jikoni. NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, wana orodha ya kila haiskuli Marekani inayoonyesha kozi gani za shule hiyo wanazikubali. Iko wazi kwenye tovuti yao, unaandika jina la shule inatokea. Nikaweka orodha kushoto, transkripti kulia, nikawa napitisha kalamu jina kwa jina. Madarasa mawili ya Kiingereza ya wageni hayamo kwenye orodha. Ile hesabu nyepesi waliyomweka gredi ya 9 haimo. Kemia aliyofeli akairudia kwenye kompyuta kiangazi akaimaliza ndani ya wiki 2, haimo vile vile kwa sababu kozi za mtandaoni za kurudia nazo lazima ziwe zimekubaliwa. Nikafika chini nikahesabu, 8. Nikarudia nikijua nimekosea, ikaja 8 tena.

Sasa sheria yenyewe niiseme maana ndo roho ya huu uzi. Divisheni ya 1 wanataka kozi za msingi 16: Kiingereza miaka 4, hesabu 3 kuanzia Algebra 1 kwenda juu, sayansi 2, nyingine 1 kati ya hizo tatu, sayansi ya jamii 2, na 4 za ziada kama lugha za kigeni. Katika hizo 16, lazima 10 ziwe zimekamilika kabla hajaanza semesta ya 7, yaani kabla mwaka wa mwisho haujaanza, na 7 kati ya hizo 10 ziwe Kiingereza, hesabu na sayansi. Zikishaingia hapo zimefungwa, huwezi kurudia mwaka wa mwisho ili kupandisha maksi. Watoto wetu wamezoea kusema nitakaza mwaka wa mwisho, mwaka wa mwisho mlango huo umeshafungwa tayari.

Na GPA wanayotaka, yaani wastani wa maksi kwa pointi, 2.3, inatoka kwenye hizo 16 peke yake. A ya mazoezi ya viungo, A ya kupika, A ya kwaya, hazihesabiwi. Kwenye shule nyingi 70 na kitu ni C, na C tupu ni 2.0. Mnaona sasa? Mtoto anaweza kuwa shujaa kila Ijumaa kwa miaka 4, hajawahi kufungiwa hata siku moja, na bado asifike.

Mwanangu alimaliza haiskuli na kozi 14. Hata angetimiza 16 bila ile 10 ya mwanzo wangemruhusu kupewa msaada na kufanya mazoezi, ila mechi asicheze mwaka wa kwanza, na kocha hakutaka kusubiri. Akaenda chuo cha miaka 2, chumba kimoja vijana 4, na huko ili Divisheni ya 1 impokee ilibidi kwanza amalize ile diploma yake ya miaka 2. Siku namshusha na mabegi aliniambia "mama mimi sikujua." Na kweli hakujua. Mshauri wa masomo alikuwa na mamia ya watoto, kocha wa haiskuli alikuwa anaangalia Ijumaa, na mimi nilikuwa nasaini kila karatasi inayoletwa bila kuuliza.

Nitaendelea nikiamka, ulizeni maswali.

#2

Pole mama ila mimi naona tofauti kidogo. Mtoto mwenye kipaji mwache acheze, shule ipo tu hata akiwa na miaka 30 atarudi, miguu hairudi. Siku hizi wanalipwa hadi chuoni, mkataba mmoja wa NFL, ligi kuu ya kulipwa, unamaliza umaskini wa ukoo mzima. Mkimkaba sana na vitabu mnamvunja moyo.

#3 (Mleta uzi)

Asante kaka, nimekuelewa, na mume wangu alisema hivyo hivyo. Ngoja nikujibu bila hasira.

Watoto wanaocheza mchezo huu haiskuli Marekani ni zaidi ya milioni 1. Wanaofika kucheza vyuo vya NCAA ni karibu asilimia 7. Na NFL kila mwaka inachagua vijana wapatao 257 nchi nzima, raundi 7 kwisha. Sisemi mwanao hawezi kuwa mmoja wao. Nasema hata huyo mmoja anapita chuo, na mlango wa chuo unafunguliwa kwa karatasi. Umesema miguu hairudi, kweli kabisa, na kozi 10 nazo hazirudi! Kocha akiwa na watoto wawili wa mbio sawa, mmoja karatasi yake safi na mwingine inabidi aiombee, atamchukua nani? Usiku wake anataka alale.

Halafu usidhani kusukumwa mbele bila elimu ni huruma. Mwaka 1989 Dexter Manley, beki mkubwa aliyeshinda Super Bowl, fainali ya NFL, mara 2 na Washington, alikaa mbele ya Seneti ya Marekani akalia, akasema alipita chuo cha Oklahoma State miaka 4 bila kujua kusoma. Mtu mzima, tajiri, maarufu. Kila aliyempitisha darasa alikuwa anamsaidia acheze. Pale Chuo Kikuu cha North Carolina uchunguzi uliotoka 2014 ulionyesha madarasa hewa yalikuwepo kwa miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo. Hao nao waliambiwa wasikabwe na vitabu.

Na wapo waliobeba vyote viwili. Myron Rolle, wazazi wake wa Bahamas, alikuwa anacheza sefti kama mwanangu pale Florida State. Novemba 2008 usaili wa skolashipu ya Rhodes uliangukia siku ya mechi na Maryland. Alienda kwenye usaili Birmingham, Alabama, akashinda, akapakiwa ndege akaiwahi mechi ikiwa inaendelea. Akasoma Oxford mwaka mzima, akachaguliwa NFL 2010 raundi ya 6. Kuna timu zilimhoji kama kweli anaupenda mpira kwa vile alienda kusoma, hilo liliniuma nilipolisoma. Leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Kila mama mwenye mtoto sefti amjue huyu.

#4

Jambo mama. Mimi ni Mukongomani, niko huku Iowa, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu 2023. Kijana wangu iko gredi ya 11, ni mukubwa sana, kilo 130, bamemuweka mustari wa mbele na kocha anasema vyuo bitamupenda. Lakini kule kambini alikuwa amesha fanya mwaka ya kwanza ya sekondari ya juu, kufika huku bakamurudisha gredi ya 9 juu ya Kiingereza. Na bulletin zake (karatasi za maksi) za kambi ziko mu Kifaransa. Sasa hiyo kozi 16 anahesabu namna gani? Nimesoma uzi wako moyo ikaanza kunipiga.

#5 (Mleta uzi)

Jambo baba, karibu sana, na swali lako ni zito kuliko yote humu naomba watu walisome.

Divisheni ya 1 saa yao inaanza kugonga siku mtoto alipoanza mwaka wa 9 kwa mara ya kwanza popote duniani, hata kama ni chini ya hema la UNHCR. Kuanzia hapo ana miaka 4 ya kutimiza hizo 16. Kwa hiyo Iowa wanamwona yuko gredi ya 11, NCAA wanaweza kumwona yuko mwaka wa 4. Usikate tamaa ila usisubiri hata wiki. Nakuombea ufanye hivi: mfungulieni akaunti kwenye ofisi ya NCAA ya kuhakiki sifa, andikeni ukweli wote wa Nyarugusu msifiche mwaka hata mmoja, maana ukifichwa ukaja kuonekana mbele ni mbaya zaidi. Hizo bulletin za Kifaransa msizitupe, ni dhahabu. Wanataka maksi zote kuanzia mwaka wa 9, karatasi ya asili pamoja na tafsiri ya mstari kwa mstari iliyothibitishwa. Masomo mengine ya kambini yanaweza kumsaidia, hesabu ni hesabu hata kwa Kifaransa.

Pili, Divisheni ya 2 nao wanataka 16 na GPA 2.2, lakini hawana hiyo saa ya miaka 4 wala ile 10 kabla ya mwaka wa mwisho. Mtoto anaruhusiwa kukamilisha hadi pale atakapoanza chuo kikamilifu. Kwa kijana wako huo unaweza kuwa mlango wake halisi. Kuna na vyuo vya NAIA pia, chama kingine tofauti na NCAA, vidogo vidogo, vingi viko hapo hapo Midwest yenu.

Tatu nenda shuleni wewe mwenyewe, na mkalimani kama inabidi, uwaambie mwanangu anataka kozi zilizo kwenye orodha ya NCAA. Sema neno hilo hilo, orodha ya NCAA. Kiingereza cha wageni ni kizuri kwa kujifunza lugha ila mara nyingi hakihesabiwi, kwa hiyo omba awekwe Kiingereza cha kawaida mapema iwezekanavyo hata kama kitamtesa, na wampe mwalimu wa ziada.

Kilo 130 na miaka 17, Mungu amkinge magoti.

#6

Shikamoo mama, mimi ni Mkenya, nimekulia Minnesota, nilicheza D2 miaka minne nikamaliza 2021. Wacha niongeze upande wa ndani ya chuo kwa sababu watu wanadhani ukishasaini kazi imeisha, kumbe ndio inaanza.

Siku yangu ilikuwa hivi. Saa kumi na moja na nusu asubuhi uko gym unabeba vyuma. Saa mbili darasa. Saa saba kikao cha video mnaangalia makosa yenu. Saa tisa mazoezi mpaka saa kumi na mbili, barafu kwa miguu, chakula, halafu saa mbili usiku ni lazima uingie chumba cha kusomea cha timu, wanakupiga muhuri umefika. Ukifika hostel umechoka mpaka viatu unalala navyo. Kisheria wanasema msimu ukiwa juu ni masaa 20 kwa wiki na manne kwa siku, lakini siku ya mechi inahesabiwa masaa matatu tu hata kama mlitoka Alhamisi na basi mkarudi Jumapili asubuhi. Barafu haihesabiwi, safari haihesabiwi, na ile mazoezi wanaita ya hiari kila mtu anajua si ya hiari.

Mimi niliingia nikitaka unesi, mama yangu alikuwa amewaambia watu wote kanisani. Semesta ya pili nikaona maabara iko saa nane mpaka kumi na moja, mazoezi saa tisa. Nikaenda kwa kocha, akaniambia pole pole kwamba hakuna mtu amewahi kufanya unesi kwa hii timu, fikiria masomo ya michezo. Nikabadilisha. Sikulazimishwa, lakini pia sikuwa na nafasi ya kukataa, skolashipu yangu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja na kila Julai nangoja kuona kama itarudi. Nilimaliza na digrii nashukuru Mungu, ila unesi nimeurudia sasa nikiwa na miaka 26 kwa pesa yangu.

Kitu kingine, ukishaingia D1 kuna asilimia wanaangalia, ukimaliza mwaka wa pili uwe umefikisha 40 ya digrii yako, wa tatu 60, wa nne 80. Sasa ukibadilisha kozi katikati, credits zingine zinaanguka kwa sababu haziko kwa digrii mpya. Ndio maana wengi wanabaki kwa ile kozi waliwekwa mwaka wa kwanza, hata kama hawaipendi, kubadilisha kunaweza kukutoa uwanjani. Kwa hivyo swali la kozi liulizwe kabla ya kusaini, si baada.

#7 (Mleta uzi)

Mwanangu wewe, marahaba, umeniliza asubuhi hii. Hiyo ya maabara saa nane na mazoezi saa tisa nimeiprinti, nataka mdogo aisome.

Maana sijawaambia kuhusu mdogo. Yuko mwaka wa mwisho sasa, anacheza namba ile ile ya kaka yake, mfupi kidogo lakini anafikiri haraka zaidi. Huyu nimemlea na ile karatasi imebandikwa kwenye friji tangu gredi ya 9, mistari 16, kila semesta ikiisha tunaweka tiki kwa kalamu nyekundu ile ile. Anataka uinjinia wa mitambo, tangu mdogo anafungua feni za watu.

Walikuja makocha wawili nyumbani, siku tofauti. Wa kwanza wa chuo kikubwa, jina ambalo hata Tabora wanalijua kwa kofia za mitumba. Nikapika pilau, akala vizuri, mtu mwema. Kumbe ofa yake ni ile ya kukaribishwa timuni bila senti. Zamani ilikuwa na maana kubwa maana timu zilikuwa na skolashipu 85 na wengine wengi wanajaza mazoezi. Sasa baada ya ile kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA iliyoamuliwa Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vinaweza kumpa skolashipu yeyote timuni ila timu nzima isizidi watu 105. Tukijumlisha na hili dirisha la usajili la uhamisho, ambapo kocha anaweza kuchukua mtu wa miaka 22 aliyekomaa kutoka chuo kingine, nikajiuliza huyu wangu asiye na hela yao wakihitaji nafasi ataondoka nani?

Nikamuuliza kocha swali la yule kijana wa Minnesota kabla hata sijamsoma: katika miaka yenu 4 iliyopita, mchezaji gani wa ulinzi amemaliza uinjinia? Akatabasamu, akasema vijana wetu wengi wanapenda biashara na mawasiliano, nitakuulizia. Mpaka leo hajarudi na jibu. Mimi simlaumu, swali halikuwa lake.

Wa pili alitoka chuo cha FCS, bado ni Divisheni ya 1 ila ngazi ya chini yake. Hakuwa na skolashipu kamili, alikuwa na kipande, kwa ngazi ile wengi wanagawana vipande. Lakini alikuja na karatasi. Karatasi ya ratiba ya mchezaji wake wa sasa anayesoma uinjinia, amefuta jina. Jumanne maabara mpaka saa kumi, anaingia mazoezini amechelewa nusu saa, imeandikwa pale kabisa "anachelewa, ruhusa." Nikaishika ile karatasi nikaisoma mara tatu. Mdogo akaniangalia usoni akajua.

#8

Na upande wa hela mama? Sisi wengine hatuna vipaji vya ajabu, mtoto wangu ni wa kawaida ila darasani yuko vizuri sana.

#9 (Mleta uzi)

Huyo ndo mwenye milango mingi kuliko unavyofikiri! Sikiliza.

Divisheni ya 3 haitoi skolashipu ya michezo hata moja, na watu wanaidharau kwa hilo, lakini wanatoa ya masomo na ya kipato cha familia, na vyuo zaidi ya 200 vya ngazi hiyo vina futiboli. Mtoto mwenye maksi nzuri anaweza kulipa kidogo huko kuliko mwenye kipande cha skolashipu Divisheni ya 1. Ivy League nao, vile vyuo 8 vya zamani vyenye jina kubwa, hawatoi ya michezo. Ila kwa mfano Harvard kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 familia yenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini hailipi kitu, chakula na malazi ndani. Mimi nesi msaidizi na mume wangu dereva, tupime wenyewe. Makocha wa huko wanazunguka wanatafuta watoto wanaocheza na wenye maksi, na hawawapati kirahisi. Ila kule SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, imerudi, NCAA waliiondoa kwenye sifa zao Januari 2023 lakini vyuo kadhaa vimeirudisha, kwa hiyo msimwambie mtoto SAT imekufa.

Jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, kila mwaka, wakimbizi na wenye green card wanaruhusiwa. Pell, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa mwaka wa masomo 2025/26 inafika dola 7,395 na hairudishwi. Wenye viza ya mwanafunzi, F-1, hiyo haipo kwao, na hata zile hela za matangazo wachezaji wanazolipwa kwao zina hatari ya kugusa viza, waulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote.

Na kuhusu makocha kunyamaza, kumbukeni ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote, wala wao wala nyie. Makocha wa Divisheni ya 1 wanaruhusiwa kuanza kumwandikia mtoto tarehe 1 Septemba ya gredi ya 11. Ikifika siku hiyo transkripti iwe iko tayari pamoja na video. Mwanangu mdogo kwenye kila barua pepe aliweka GPA mstari wa kwanza, kilo na mbio mstari wa pili. Makocha 3 walimjibu wakitaja maksi kabla ya mpira.

#10

Na yule kaka mkubwa vipi mama? Umetuacha njiani.

#11 (Mleta uzi)

Samahani jamani nilipotea, wiki ilikuwa na mambo. Jumatano tarehe 3 Desemba ndo ilikuwa siku ya kusaini. Mdogo amesaini na kile chuo cha FCS, kile chenye karatasi ya ratiba. Kipande cha skolashipu ya mpira, juu yake ya masomo, juu yake Pell, kwetu kinabaki kiasi tunachokiweza baba yao akichukua safari moja zaidi kwa mwezi. Pale shuleni walipanga meza ndefu, watoto 6, kila mmoja na kofia ya chuo chake. Kofia yake ndo haikujulikana na watu wengi, nilisikia mzazi nyuma yangu anauliza hicho ni chuo gani. Mwanangu alisaini kwa kalamu nyekundu, nilimpa mimi asubuhi.

Kaka yake alimaliza diploma yake Mei, sasa yuko chuo cha D2, mechi 7 alianza tangu mwanzo. Siku ile hakuweza kuja, alikuwa na mtihani, akapiga simu ya video jioni. Wote tulidhani anataka kuiona kofia. Akamwambia mdogo wake nenda kwenye friji, nisomee. Mdogo akacheka, akamwambia wee kaka acha bwana. Akasema nisomee, moja moja. Basi dogo akasimama pale jikoni na simu mkononi anasoma, Kiingereza 1, Algebra 1, biolojia, na yule kule anahesabu kwa sauti, sikuweza kubaki jikoni nikatoka nikasimama varandani, lakini nilikuwa nawasikia. Walifika 13. Tatu zilizobaki anazimaliza Mei, na ya mwisho ni fizikia.